Mashua Isiyovuja Hata Tone

Mashua iliingia Kisii mjini siku ya Ijumaa, imelazwa juu ya lori la serikali, na kufikia Jumamosi asubuhi nusu ya mji ilikuwa imekwisha kupita uani kwa polisi kuitazama. Wengi wao hawakuwahi kuona mashua maishani. Mama mmoja aliyetoka sokoni na kapu la ndizi aliuliza kama hicho ni kihori cha kunyweshea ng'ombe wa mzungu. Konstebo wa zamu akamjibu kwamba ni kielelezo cha mahakama, asiguse. Mama akasema basi mahakama ina vitu vikubwa siku hizi, akaenda zake.

Kesi ilikuwa mikononi mwa Sajini Onyancha. Ukiuliza kwa nini yeye, hata mwenyewe alikuwa anajiuliza. Mtu wa Nyacheki, huko juu milimani, ambako maji ya mto yakizidi sana yanakufika magotini! Kuogelea hajui, chombo cha majini hajawahi kupanda, na hata samaki anamla kwa mashaka. Lakini Inspekta alikwisha andika jina lake juu ya faili, na kalamu ya Inspekta haikuwa na mazoea ya kufuta.

Yaliyomo ndani ya faili yalikuwa machache. Mohamednoor Gulled, mfanyabiashara wa ngozi na samli hapa mjini, alinunua mashua ndogo ya tanga, kuukuu, kutoka shamba la mzungu kule Nyansiongo. Seremala wa Kebirigo aitwaye Joash Nyasani akaitengeneza palepale shambani kwa muda wa wiki mbili. Ikapelekwa Kendu kwa lori, ikateremshwa ziwani Jumamosi iliyopita. Jumanne Mohamednoor akatweka tanga peke yake kuijaribu, na mbele ya macho ya mke wake aliyekuwa amesimama gatini, mashua ikapasuka ubavu na kuzama. Mwili ulipatikana kesho yake, kamba ya tanga imeuzonga mguu. Alhamisi Joash akakamatwa.

"Nyapara wa shamba aliwasikia wakigombana," Inspekta alisema. "Marehemu alipiga kelele: Usiguse! Nimesema usiguse! Siku chache baadaye misumari inakatika yenyewe? Seremala ana misumeno. Unataka nini tena, Sajini? Jumatatu asubuhi lori linampeleka Kisumu. Wewe kamilisha faili tu."

Na Kisumu, kwa shtaka la kuua, mtu hapelekwi kutembezwa. Anapelekwa kutafutiwa kitanzi.

Basi Onyancha akaizunguka mashua mara tatu kama mtu anayetaka kununua ng'ombe lakini hamwamini mwenyewe. Urefu wake hatua kumi. Katikati kulikuwa na kijumba kidogo chenye mlango, ndani yake watu wawili wangeweza kulala wakikubaliana. Rangi mpya, nyeupe, imepakwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Ubavu wa kushoto, chini, mbao mbili zilikuwa zimeachia mataruma, yaani zile mbavu za ndani zinazoshikilia mbao za mashua.

Akapiga magoti, akachomoa kipande cha msumari wa shaba, akakipeleka juani. Msumari uliokatwa kwa msumeno huacha uso laini. Huu ulikuwa umevutika kwanza, ukawa mwembamba, ndipo ukakatika. Akachomoa wa pili. Hivyo hivyo. Wa tatu vilevile. Hakuna msumeno uliopita hapo. Misumari ilikuwa imekatika kama vifungo vya koti la mtu aliyenenepa.

"Nani aliisukuma?" aliuliza kwa sauti.

"Afande?" Konstebo akageuka.

"Hizi mbao zimesukumwa. Nani husukuma mbao za mashua mpaka zikakata misumari yake?"

Konstebo hakujua, na alionyesha wazi kwamba hajui. Onyancha naye alianza kuumwa kichwa. Alitoa kisu, akakwaruza rangi mahali ambapo ubao na ubao bado vilikuwa vimeshikana. Chini ya rangi, kati ya mbao hizo mbili, kulikuwa na mstari mwembamba wa mti mwingine. Mweusi. Umepigwa ndani ukakaza hata ncha ya kisu haikupata pa kuingia. Alipambana nao mpaka jasho likamtoka, akapata kibanzi kimoja tu, urefu wa kidole.

Akakinusa. Haki ya Mungu, kilinuka moshi. Kimekaa ziwani siku nne nzima, na bado kinanuka moshi, tena si moshi wa sigara wala wa moto wa porini. Ilikuwa ni harufu ya jikoni kwa mama yake Nyacheki. Onyancha alibaki amepiga magoti pale uani, kibanzi puani, watu wanamtazama, na hakuelewa hata kidogo mashua ya mzungu imepata wapi harufu ya jikoni kwa mama yake. Akakifunga kwenye leso. Kwenye faili akaandika, "Kibanzi cheusi, kimoja," na kalamu ikakwama hapo.

Mahabusu palikuwa hatua ishirini tu. Joash Nyasani alikuwa mtu mrefu, mikono mipana, ameketi sakafuni na Biblia magotini.

"Bwakire, Joash," Sajini alimsalimu kwa Kigusii.

"Bwakire buya, Sajini."

Onyancha akafungua leso. "Kati ya ubao na ubao uliweka nini?"

Macho ya Joash yakatua kwenye kibanzi, yakakaa kidogo, yakarudi kwenye Biblia. "Leo ni Sabato. Mambo ya kazi sisemi."

"Joash! Keshokutwa unapelekwa kunyongwa, na wewe unaniletea Sabato?"

"Sabato ni Sabato hata kwa mtu wa kunyongwa."

"Basi niambie ndiyo au hapana."

"Ndiyo ya kazi ni kazi, Sajini. Hapana ya kazi nayo ni kazi."

Lo! Onyancha alikuwa Mkatoliki, na Wasabato aliwaheshimu, maana hata soko la Jumamosi huko kwao lilikuwa likipwaya kwa ajili yao. Lakini alikuwa ameona lile jicho. Akaenda ofisini, akafungua maelezo ya Joash ya Alhamisi. Nilitengeneza mlingoti. Nilitengeneza mlango wa kijumba. Nilipaka rangi mara tatu. Basi. Hakuna neno lolote juu ya vijiti vyeusi. Na Alhamisi haikuwa Sabato.

Kwa hiyo mtu anaficha. Lakini anaficha nini? Vijiti vya kuziba nyufa? Anayeziba nyufa za mashua anataka ielee. Onyancha akafunga faili kwa hasira, akavaa kofia, akaenda kwa marehemu.

Nyumba ya Mohamednoor ilikuwa nyuma ya duka. Bi Hawo, mjane, alikuwa ameanza eda. Alikaa ndani, nyuma ya pazia, hatoki wala hatazamwi na wanaume wa nje. Mlangoni aliketi shemeji yake, Aden, mdogo wa marehemu. Onyancha alikuwa na hamu naye. Duka sasa lilikuwa la nani kama si lake? Na mji mzima ulijua kwamba hakuitaka hiyo mashua.

"Misumari ilitoka dukani kwako?" Sajini alianza bila kukaa.

"Ni ileile ya zamani iliyokuja na mashua. Kaka hakuongeza hata mmoja. Alikuwa amebana matumizi, Sajini, bana kabisa."

"Na wewe ulimkataza asinunue."

"Nilimkataza, wallahi! Nani asingemkataza? Mtu anakaa Kisii, ana duka, ananunua mashua! Watu walitucheka mpaka msikitini. Lakini alikuwa kaka yangu mkubwa, ningefanyaje? Nilikwenda naye kuzitazama zote tatu."

"Tatu?"

Aden aliinua mto aliokalia, akatoa daftari dogo la kaka yake lenye jalada jeusi, akampa Sajini. Kabla ya ngozi na samli, Mohamednoor alikuwa amefanya kazi melini ziwani miaka kumi. Alijua anachotaka. Mashua ndogo ambayo mtu mmoja anaweza kuiongoza, yenye mahali pa kulala, ambayo bei yake haitamfanya auze duka.

"Ya kwanza ilikuwa Kendu," Aden alisema. "Nzuri! Rangi ya samawati, dirishani pazia. Mimi nikasema hii hii, tusiangalie nyingine. Kaka akatoa kisu, akakidunga chini kabisa, kwenye mkuku, kikazama chote kama kwenye ndizi mbivu. Akamshukuru mwenyewe, tukaondoka. Ya pili Homa Bay. Hiyo mbao zake ngumu, kisu kinateleza. Lakini tanga limeoza, kamba zimeoza, na ni kubwa, inataka watu watatu. Akaniambia, Aden, bei ya mashua si ile unayompa mwenyewe. Ni ile unayoendelea kuitoa baadaye."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ilikuwa ndani ya banda la ng'ombe, Nyansiongo! Miaka minane haijaona maji. Mbao zimekauka zikaachana, kwenye ufa unapitisha shilingi. Mzungu alikuwa karibu kuipasua kuni. Kaka akaidunga kila mahali, akaigonga kwa kidole na kuisikiliza, akalala chini akainusa. Kisha akacheka. Akasema, wote waliokuja wameona nyufa wakakimbia, ndiyo maana ni rahisi. Mbao ni nzima. Nyufa hizi ni za ukavu tu. Ikikaa majini siku tatu zitajifunga zenyewe."

Onyancha aliacha kuandika. "Zenyewe?"

"Ndivyo alivyosema. Siku ya kwanza itavuja kama chujio, tusishtuke, tukumbe maji tu."

"Haikuvuja."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Aden akainamisha kichwa.

"Haikuvuja hata tone, Sajini," Bi Hawo alisema. "Jumamosi ile tulichukua ndoo mbili za kukumbia maji. Akaingia, akapapasa chini kwa mkono. Mkono ukatoka mkavu. Akabaki anautazama huo mkono. Nikamwuliza, kuna nini? Akasema, sijui, jambo hili sijawahi kuliona. Jumapili nayo kavu. Jumatatu kavu. Ndipo akafurahi. Akasema Mungu ametuonea huruma, na yule seremala atamletea jora la kitambaa kutoka Bukoba. Bukoba alikuwa anipeleke mimi, kwa dada yangu Batuli. Miaka kumi na mmoja sijamwona."

Pazia lilitikisika kidogo, na Onyancha akajua analia.

"Huyo seremala," akaendelea, "simtaki Kisumu. Huko atasema na majaji. Mimi nataka aje hapa, aniambie kwa kinywa chake mume wangu alimkosea nini. Nikishasikia, wafanye wanavyotaka."

Onyancha akafungua daftari ukurasa wa mwisho. Maandishi ya Mohamednoor yalikuwa madogo na ya haraka. "Nyufa ziachwe wazi. Zisijazwe kitu chochote. Nimemwambia fundi mara mbili, haamini."

Usiguse! Nimesema usiguse! Basi hicho ndicho kilichokuwa kimemfanya apige kelele. Wawili hao waligombana juu ya nyufa. Sajini alitembea kurudi kituoni, na kila hatua alizidi kuchanganyikiwa. Mwenye mashua anataka nyufa. Seremala anaziziba kwa siri. Mashua iliyotakiwa kuvuja haivuji, na hiyo isiyovuja ndiyo inayozama. Ukitazama upande huu, Joash ni mtu mwema. Ukitazama upande ule, mtu mwema anaficha nini? Na misumari je? Alipofika uani akaipiga mashua teke, akaumia kidole cha mguu, na konstebo akajifanya hakuona.

Jumapili asubuhi alidandia lori la mahindi lililokuwa likirudi Nyansiongo tupu, akashuka Kebirigo. Kwa Joash hapakuwa mbali na soko. Alikuta nyumba mpya ya tofali, imenyooka, madirisha yamekaa sawasawa, na mahali pa mlango kumetundikwa gunia. Akalitazama gunia lile kwa muda. Nyumba ya seremala, haina mlango!

Kwamboka, mke wa Joash, alitokea jikoni akipangusa mikono. Alipoona sare ya polisi akasimama palepale.

"Umekuja kuniambia siku yenyewe?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuuliza."

"Uliza basi. Polisi wamekuja mara mbili, wamebeba misumeno yote, hata ule wa marehemu baba yake. Watoto hawali. Gesare wangu amekataa kwenda shule, wanamwita mtoto wa mwuaji. Uliza, lakini uliza upesi."

Onyancha akafungua leso. Hakuhitaji kusema. Kwamboka alikichukua kibanzi, akakinusa mara moja, na uso wake ukabadilika.

"Mlango wangu huu!"

"Mlango?"

"Mbao za mlango wangu! Zimekaa juu ya moto jikoni miaka miwili, zikauke vizuri, zisije zikapinda. Njoo uone." Akamvuta hadi jikoni. Juu ya mafiga, kwenye dari la fito, masizi yalikuwa yameacha mistari sita safi, mahali ambapo mbao sita zilikuwa zimelala. Sasa palikuwa patupu. "Wiki ile ya mwisho alikuja kutoka Nyansiongo, akazishusha zote. Akazipasua vijiti vyembamba, zote, Sajini, mpaka nikapiga yowe. Akafunga mzigo, akaondoka nao kwa baiskeli. Nikamwuliza, mlango uko wapi? Akasema subiri. Mpaka leo nalala na gunia."

"Aliziuza?"

"Aziuze! Hakuleta hata senti ya hizo mbao."

Onyancha akatoka nje kupata hewa. Sasa kibanzi alikijua, na bado hakujua kitu. Seremala amechukua mbao bora kuliko zote alizonazo, za nyumba yake mwenyewe, akazigawa bure kwa mtu aliyemkataza. Je, huyo ni mwuaji wa namna gani? Alitaka kuketi. Palikuwa na kigoda kando ya karai la maji, na ndani ya karai jembe lilikuwa limelala, kichwa chini.

"Samahani, mama. Hili nalo limekosa nini?"

"Mpini umelegea. Nimelitia maji tangu Ijumaa kabla jua halijatua, ili Sabato ipite, leo nilime." Kwamboka akalinyanyua, akaligonga chini mara mbili. Kichwa hakikutikisika hata kidogo. "Umeona? Mti umevimba, umeshika."

"Mbona hukupiga kabari tu, ukamaliza palepale?"

"Kabari ungepiga likiwa kavu, na usilitie maji tena."

"Na ukipiga kabari, kisha ukalitia maji?"

Kwamboka alimtazama kama anavyotazamwa mtu wa mjini, ingawa Onyancha alikuwa wa Nyacheki na jembe alilishika kabla ya kalamu. "Kabari na maji pamoja? Sajini, mti utavimba uende wapi? La mama mkwe lilipasuka pete ya chuma hivyohivyo. Mwenyewe Joash ndiye aliyemwonya."

Onyancha alilichukua jembe, akaligonga chini mwenyewe. Akaketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu jana kichwa kikaacha kumzunguka, ingawa alitamani kingeendelea. Mbao kavu za mashua zilikuwa na kiu ya miaka minane. Zikilowa zingevimba, zikutane, nyufa zijifunge. Nyufa zilikuwa nafasi ya kuvimbia. Joash alikuwa ameijaza nafasi hiyo yote kwa mti uliokaushwa juu ya moto, mti mkavu kuliko mbao zenyewe, akaupiga kwa nyundo mpaka ukakaza. Ndiyo maana haikuvuja hata tone. Siku tatu mbao zikanywa, vijiti vikanywa, vyote vikavimba, na hakuna pa kwenda. Vikaanza kuvuta misumari. Jumanne upepo ulimalizia tu kazi iliyokwisha fanyika.

"Sajini, unaumwa?"

"Mama, mumeo hakuua mtu kwa kusudi. Nimeliona sasa. Hatanyongwa."

Kwamboka alipiga magoti pale uani, akamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakaanza kuchungulia. Alikimbia jikoni, akafunga ugali wa wimbi kwenye jani la mgomba, akamsukumia Sajini mikononi. "Mpe. Mwambie aje alale nyumbani kwake, hata kama mlango ni gunia." Hakuuliza kilichomwua Mohamednoor. Onyancha akashukuru kwamba hakuuliza, kisha akajionea aibu kwa kushukuru.

Mchana huo Inspekta alitolewa kwenye chakula chake, akaja uani amenuna. Onyancha alimkwaruzia rangi sehemu tano. Sehemu zote tano, kijiti cheusi. Akamwonyesha misumari iliyovutika. Akamwelezea jembe mara mbili, kwa sababu Inspekta hakuwahi kulala nyumba moja na jembe. Mwishoni Inspekta alisema neno moja la Kiingereza lisilofaa siku ya Jumapili, akachukua faili, akafuta neno "kuua".

"Akikubali kwamba vijiti ni vyake, mwandikishe, mwache aende zake," alisema, akarudi kwenye chakula.

Onyancha aliingia mahabusu akiwa na funguo, daftari la marehemu na ule ugali. Aliufungua mlango wa chuma, akauacha wazi. Joash aliutazama mlango, akatazama jani la mgomba.

"Kwamboka?"

"Ndiye. Leo si Sabato, Joash. Nimetoka kwako. Nimeona dari la jikoni."

Joash alilipokea lile jani, akaliweka sakafuni kando ya Biblia. Kisha akasema, "Ni mimi niliyejaza."

"Alikukataza."

"Alinikataza. Sajini, katika maisha yangu sijatoa mikononi mwangu kazi yenye ufa, hata kigoda. Nilimwambia nyufa hizi zijazwe. Akasema acha. Nikamwuliza sababu, akasema zitajifunga zenyewe. Nani atakuambia jambo kama hilo ukaamini? Kila jioni alikuwa anakuja kuniuliza kama kuna kitu tunaweza kuacha kununua. Rangi aliniomba nipunguze. Nikajua, huyu hana pesa ya mbao na anaona aibu kusema. Mtu mzima humwambii una shida. Basi siku mbili za mwisho, yeye akiwa mjini, nikaleta zangu. Nikajaza kila ufa. Nikapaka rangi mara tatu asione. Ilikuwa zawadi, Sajini. Sikutaka anishukuru."

"Mbona Alhamisi hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nilimdharau marehemu, niligusa alichonikataza? Lakini hiyo kazi ilikuwa nzuri. Mashua zote zizame, ile isingevuja. Kwa hiyo nikasema moyoni, mimi siko ndani ya jambo hili. Watamtafuta aliyekata misumari, watampata." Akainua uso, na machoni mwake mlikuwa na tumaini. "Umempata?"

Onyancha aliwahi kuwaambia watu kwamba watoto wao wamekufa. Hili lilikuwa gumu zaidi.

"Joash, jembe likilegea mpini, unafanyaje?"

"Jembe?"

"Jembe."

"Unapiga kabari. Au unalitia maji."

"Vyote viwili?"

"Hapana, huwezi vyote viwili, mti ukivimba una..."

Hakumaliza. Onyancha alimwona akitafuta mahali pengine pa kupeleka hilo wazo, na hakupata. Joash aliinua mikono yake mipana, akaitazama upande wa ndani, kisha upande wa nje.

"Nilipaka rangi mara tatu," alisema taratibu. "Nilidhani maji hayatapita."

"Yalipita."

"Haikuvuja? Siku ya kwanza?"

"Hata tone. Alifurahi sana. Alitaka kukuletea jora la kitambaa."

Joash akafunika uso. Huko uani watu walikuwa bado wanakuja kuitazama mashua, na konstebo bado anawafukuza. Onyancha akasema lile alilotumwa kusema.

"Inspekta amefuta shtaka. Uko huru, Joash. Kula, tuandike maelezo, uende nyumbani."

"Mjane anajua?"

"Bado. Anadhani ulikuwa na chuki na mumewe. Aliniambia uende kwake, umwambie kwa kinywa chako alikukosea nini."

"Hakunikosea kitu."

"Najua. Yuko ndani ya eda, hawezi kuja hapa. Nyumba ni ile nyuma ya duka la ngozi, si mbali. Nitakusindikiza mpaka mlangoni."

Joash alisimama. Siku tatu nzima alikuwa akiwaambia askari wote kwamba hana hatia, wamfungulie. Sasa alifika kizingitini, akashika nondo za mlango wa chuma, akaona uani, mashua nyeupe imelala juani na ubavu wake wazi. Akarudi nyuma hatua moja, akauvuta mlango pole pole mpaka ukabaki upenyo wa mkono.

"Nifungie kwanza, Sajini," alisema.

Onyancha alibaki na funguo mkononi, hajui afunge au aache.